Nane, Kituo, Nane

Middlesbrough, ukumbi wa kanisa, Jumanne saa moja usiku.
Hita moja inafanya kazi, ya pili inafanya kelele.
Tulikuja wachache: mimi kutoka wodi ya wazee,
viatu vya zamu bado miguuni;
Rebwar kinyozi, nywele za watu kwenye sweta;
Enid Thackray, aliyefuata biskuti wala hakuficha;
na Norrie Calvert, miaka thelathini na moja tanurini,
aliyeketi karibu na mlango ili atoroke.

Philippa Garbutt akafungua piano, asitupe karatasi.
"Opera yenyewe haipo," akasema. "Tutaitunga."
Mimi nilidhani opera ni wanawake wenye almasi
wanaochukua nusu saa kufa.
Enid akamimina chai.

Tulianza na usiku ule kiwanda kilipopoa.
Kijana wa chuo akaandika ubaoni: moto ulizimwa.
Norrie akainua mkono kama mtoto wa shule.
"Haukuzimwa. Ulinyimwa chakula.
Tanuri si taa. Nililisikia likiomba."
Kisha akakohoa, kikohozi kirefu chenye kutu ndani,
nasi tukatazama sakafu,
isipokuwa Philippa, aliyekuwa akiandika.

Wiki iliyofuata kikohozi kilikuwa na noti zake:
tatu za kushuka, pumziko, moja ya kupanda.
Akapewa mpiga chelo. Norrie akasikiliza kifua chake
kikitoka kwenye mbao,
akavua kofia.

Mimi sina noti. Nina mizani.
Mama alihesabu silabi kwa vidole akichambua mchele.
Kati ya kengele ya kitanda cha sita na ya kitanda cha kumi
niliandika nyuma ya orodha ya uji wa wagonjwa:

    Moto haukuzimika, kinywa kilinyimwa chake,
    Chuma kikanung'unika, kikapoa peke yake,
    Mlango ukafungika, kila mtu kwenda kwake,
    Nani sasa atawaka, tuuote moto wake?

Nilisoma nikitetemeka. Philippa hakuuliza maana.
Aligonga meza kwa kalamu: nane, kituo, nane.
"Nani alikufundisha?"
"Mchele," nikasema.

Ile ng' iliwasumbua majuma mawili.
Sauti wanayoiweka mwishoni mwa maneno yao,
sisi tunaanzia nayo; ni kama kuingia nyumbani
kwa mlango wa nyuma.
Rebwar aliipata wa kwanza, akaifundisha kwenye kiti chake cha kunyolea,
wembe shingoni mwa mteja: sema, ng'o, ng'o.

Akaja bwana wa baraza la mji na dodoso.
Je, afya yako imeboreka? Kidogo, wastani, sana.
Enid akaandika: biskuti zimeboreka.
Hapakuwa na kisanduku cha siku ya Rebwar mahakamani, Bradford,
tulipojaza safu mbili za viti na hakimu akauliza ninyi ni nani,
Enid akajibu, "Besi na soprano."
Wala cha Norrie kliniki, alipopuliza kile kibomba,
daktari akatazama namba mara mbili:
"Umeacha sigara?"
"Hapana. Nimeanza opera."

Enid hakufika siku ya onyesho. Alizikwa Machi,
tukamwimbia mvua ikitupiga ubavuni.
Mstari wake hatukumpa mtu.
Pale piano inasubiri mapigo manne,
na kila usiku, zile siku mbili za onyesho,
kuna aliyekohoa katikati ya kimya hicho,
na haikuwa kwenye noti.

Jumanne hii nimepita ukumbini nikienda zamu.
Jukwaa limevunjwa, watoto wa karate wanapiga kelele.
Hita ya pili imetengenezwa.
Norrie yuko palepale karibu na mlango,
kofia gotini, hana mazoezi ya kuhudhuria.
Anawafungulia watoto.